Saini ya Yeniköy

Jumapili ya tarehe 2 Agosti 1914, katika nyumba ya Waziri Mkuu Said Halim Pasha huko Yeniköy, ukingoni mwa mlango-bahari wa Bosporus, Dola ya Uthmaniya ilitia saini mkataba wa siri wa kijeshi na Ujerumani. Waliojua walikuwa wachache mno: Waziri Mkuu mwenyewe, Enver Pasha, Waziri wa Vita, Talat wa Mambo ya Ndani na Halil, Spika wa Bunge. Cemal Pasha, Waziri wa Bahari, aliambiwa wino ulipokwisha kukauka. Miezi mitatu baadaye dola ilikuwa vitani, miaka minne baadaye ilikuwa imeshindwa, na kabla ya miaka 10 kutimia haikuwapo tena. Ilikuwa imedumu zaidi ya miaka 600.

Mjadala huu unahusu saini hiyo. Ingekuwaje kama isingetiwa, au ingetiwa kisha ikaachwa ilale kabatini? Sauti tatu zinazosemezana hapa nimezibuni, kwa sababu kila moja inaona jambo ambalo nyingine hulipita: Mwalimu mstaafu wa historia, Bi Wakili aliyezoea kusoma mikataba, na Nahodha, mzee wa Tanga aliyekulia baharini. Tarehe na matukio hayakubuniwa.

MWALIMU: Kabla ya kuwalaumu wale mabwana, tuangalie walikuwa wamesimama wapi. Mwaka 1911 Italia iliwavamia Tripoli. Mwaka 1912 Bulgaria, Serbia, Ugiriki na Montenegro zikawashukia kwa pamoja, na vita vilipokwisha karibu ardhi yao yote ya Ulaya ilikuwa imekwenda, Salonika ikiwamo. Istanbul ilijaa wakimbizi waliokuja na mikokoteni ya ng'ombe, wakawa wanalala misikitini. Mataifa makubwa yalikuwa yametangaza kwamba mipaka haitabadilishwa, ashinde atakayeshinda. Waturuki waliposhindwa, tangazo lile likasahauliwa. Ukishatendwa hivyo unatafuta mtu wa kusimama naye. Wakabisha hodi kila mahali: London mwaka 1911, wakajibiwa kwa adabu kwamba haiwezekani, Mei 1914 Talat akaenda hadi Livadia kuonana na Warusi, Julai Cemal akaenda Ufaransa. Wote waliwapa maneno matamu na mikono mitupu. Hata balozi wa Ujerumani, Wangenheim, mwanzoni aliwakataa. Ni Kaiser aliyemgeuza, wiki ile ile Austria ilipokuwa inaitisha Serbia. Sasa niambieni, wangechagua nani?

BI WAKILI: Mwalimu, kwamba walikuwa wapweke sikatai. Ninachokataa ni kwamba upweke uliwafunga mikono. Soma mkataba wenyewe. Kifungu cha kwanza kinasema pande zote mbili zitakaa kando ya ugomvi wa Austria na Serbia. Cha pili kinasema Urusi ikiingilia kijeshi, na Ujerumani ikalazimika kupigana, basi na Waturuki watalazimika. Lakini Ujerumani ilikuwa imekwisha tangazia Urusi vita tangu jana yake, tarehe 1 Agosti! Wametia saini sharti ambalo limekwisha timia. Mteja wangu akiniletea karatasi kama hiyo nitamwambia: hapa husaini ahadi, unasaini deni lililokwisha iva. Na ajabu ni kwamba hawakulilipa mara moja. Siku tatu tu baada ya Yeniköy, Enver huyo huyo alimwendea mwakilishi wa kijeshi wa Urusi akampendekezea ushirika. Agosti, Septemba na karibu Oktoba yote wakasema jeshi halijakusanyika, fedha hamna, Bulgaria bado haijaeleweka. Kwa miezi mitatu karatasi ile haikumlazimisha mtu. Kwa hiyo kilichowaingiza vitani si karatasi.

NAHODHA: Kilichowaingiza ni manowari mbili, mwanangu. Mimi nitasema ninachokijua. Waturuki walikuwa wameagiza Uingereza manowari mbili kubwa, Sultan Osman na Reşadiye. Zimelipiwa, nyingine kwa michango ya raia wa kawaida. Mabaharia wa Kituruki wamekwisha fika Newcastle, meli wanayoisubiri wanaiona kwa macho, iko pale kwenye mto Tyne. Churchill, Waziri wa Bahari wa Uingereza, akaamuru zichukuliwe zote mbili. Baharia kunyang'anywa chombo alichokuja kukipokea ni jambo ambalo halimtoki. Wakati huo huo, Mediterania, manowari mbili za Wajerumani, Goeben na Breslau, zinakimbizwa na Waingereza. Goeben ina boila mbovu, makaa yanaisha, wapiga makaa wanaanguka kwa joto. Admirali wao, Souchon, akaelekeza omo kwenye mlango-bahari wa Dardanelles. Tarehe 10 Agosti Enver akaruhusu ziingie. Kwa sheria za bahari nchi isiyo vitani ilipaswa izitoe au izizuie. Wao wakasema wamezinunua. Goeben ikaitwa Yavuz Sultan Selim, Breslau ikaitwa Midilli, Wajerumani wakavaa kofia za tarbushi, na Souchon akapewa uongozi wa meli za Waturuki. Hapo ndipo usukani ulipobadilisha mikono.

MWALIMU: Ndiyo maana nasema Churchill aliwasukuma.

BI WAKILI: Tarehe zinakataa, Mwalimu. Enver alianza kumfuata Wangenheim Julai, na habari rasmi ya kuchukuliwa kwa manowari ilifika Istanbul mkataba umekwisha sainiwa. Churchill aliwapa hasira ya kuwaonyesha watu, lakini uamuzi ulikuwa umekwisha fanywa.

(Hapa nakubaliana naye. Simulizi ya meli zilizoporwa ni tamu, na vitabu vingi huanza nayo, lakini inamgeuza Enver kuwa mtu aliyejibu dhuluma, wakati alikuwa mtu aliyefuata mpango wake.)

BI WAKILI: Na Agosti hiyo hiyo Uingereza, Ufaransa na Urusi zilikuja na neno jipya. Kaeni kando, nasi tutadhamini mipaka yenu. Hawakuombwa wapigane. Waliombwa watulie.

MWALIMU: Dhamana ya nani? Ya wale wale waliosahau tangazo la 1912? Na Urusi ilikuwa inaitamani Istanbul kwa vizazi. Machi na Aprili 1915 Uingereza na Ufaransa ziliiahidi kwa maandishi kwamba vita vikiisha, Istanbul na milango-bahari yote ni yake. Hao ndio walikuwa wadhamini!

BI WAKILI: Samahani, Mwalimu wangu, unatumia matokeo kuthibitisha sababu. Machi 1915 Waturuki walikuwa wamekwisha kuwa maadui. Urusi iliahidiwa Istanbul kwa sababu Istanbul ilikuwa ya adui. Isingekuwa vitani, Uingereza iliyotumia karne nzima kuizuia Urusi isifike kwenye milango-bahari ile ingewezaje kuigawa kama tunu?

MWALIMU: Hapo umenibana. Ila usisahau kwamba Urusi ingeshinda vita ikiwa na jeshi la mamilioni na haina mpinzani upande huo. Ahadi ya karatasi ingekuwa na uzito gani siku ile?

BI WAKILI: Ingekuta jeshi la Waturuki liko zima, halijafia katika vita vya Sarıkamış wala vya Gallipoli. Dhamana yao ya kweli ingekuwa hiyo.

Mazungumzo yangeweza kuishia hapa kama Oktoba isingefika. Katikati ya mwezi huo shehena za dhahabu ya Wajerumani, mkopo wa lira milioni mbili za Kituruki, ziliingia Istanbul. Enver akampa Souchon amri ya siri. Alfajiri ya tarehe 29 Oktoba manowari zilizokuwa na bendera ya Waturuki zikaipiga Odessa, Sevastopol, Feodosia na Novorossiysk. Hakuna tangazo la vita lililotangulia. Mawaziri wengi walipata habari baada ya mizinga kulia. Waziri wa Fedha, Cavid Bey, aliyejua kuliko wote kwamba hazina haiwezi kubeba vita, alijiuzulu, na wengine watatu wakamfuata. Waziri Mkuu naye alitaka kuondoka, akabembelezwa, akabaki. Naomba msomaji asiwapite haraka hawa waliojiuzulu. Watu wanaposema dola ile haikuwa na hiari, wanawafuta wanaume wanne waliokaa katika baraza lile lile, wakaziona hatari zile zile, wakakataa.

NAHODHA: Mimi bado niko na mlango. Dardanelles mahali pembamba hapazidi kilomita moja na kidogo. Pale ndipo ilipokuwa ikipita nafaka ya Urusi kutoka Odessa kwenda Ulaya, na pale ndipo silaha zingepita kurudi. Ukiufunga, Urusi inabaki na Archangel, ambako maji huganda kipindi cha baridi, na Vladivostok, reli ya zaidi ya kilomita 9,000 hadi Moscow. Taifa kubwa vile, na njia mbili za namna hiyo! Waingereza na Wafaransa walijaribu kuufungua kwa nguvu tarehe 18 Machi 1915. Meli ndogo ya Waturuki, Nusret, ilikuwa imetega mabomu kimya kimya siku kumi kabla, si ya kukatiza mlango kama ilivyozoeleka, bali sambamba na ufuko, kwenye ghuba ambako manowari hupenda kugeuzia. Bouvet ya Wafaransa ikagonga, ikazama kwa dakika chache na watu zaidi ya 600. Zikafuata Irresistible na Ocean. Siku moja, manowari tatu. Nawaambia, mlango ule ungekuwa wazi, Urusi isingeanguka 1917. Hakuna Lenin madarakani, na karne nzima inakwenda njia nyingine.

MWALIMU: Nahodha, hapo nakuvuta shati. Kwanza, mlango ulifungwa tarehe 27 Septemba, Waturuki wakiwa bado hawajaingia vitani. Pili, mwaka 1915 Uingereza yenyewe haikuwa na makombora ya kutosha kwa jeshi lake lililoko Ufaransa. Ingepitisha nini hapo? Tatu, Petrograd haikukosa mkate kwa sababu nafaka haikuwapo nchini. Ilikuwapo, tena ile iliyoshindwa kusafirishwa nje ilibaki ndani. Reli ndizo zilizozidiwa, na serikali ikashindwa kuendesha nchi. Mlango ulio wazi ungeipa Urusi fedha na nafasi ya kuhema. Kumwokoa Tsar asijiangushe mwenyewe, sidhani.

NAHODHA: Nafasi ya kuhema si kitu kidogo, Mwalimu. Na kumbuka Urusi isingelazimika kupigana Kaukasia pia.

MWALIMU: Hilo nakupa.

BI WAKILI: Tumekaa na ramani muda mrefu. Tuzungumze watu. Tarehe 24 Aprili 1915, usiku, wasomi na viongozi wa Waarmenia wa Istanbul walikamatwa. Baada ya hapo vijiji na miji mizima ikatolewa majumbani kuelekea jangwa la Syria. Wanaume waliuawa kando ya barabara, wanawake na watoto wakafa kwa njaa na kiu njiani. Wanahistoria wengi huwahesabu waliokufa kuwa kati ya 600,000 na zaidi ya milioni moja. Nayaita mauaji ya kimbari. Sasa sikilizeni: Februari 1914 serikali ya Waturuki ilikuwa imekubali mageuzi katika mikoa ya Waarmenia, na wakaguzi wawili wa kigeni, Mholanzi na Mnorwe, walikwisha teuliwa kuyasimamia. Mmoja alikwisha fika Van. Vita vilipokuja wakarudishwa, na mpango ukafutwa. Watu wale walibaki bila shahidi mwenye mamlaka.

MWALIMU: Chuki ilikuwapo kabla. Mauaji ya miaka ya 1890, ya Adana mwaka 1909. Siwezi kusema amani ingewalinda.

BI WAKILI: Wala mimi siwezi kusema ingewalinda wote. Lakini kuna tofauti kati ya jirani anayeua na dola inayotoa amri kwa telegramu, mkoa baada ya mkoa, chini ya sheria za vita, huku mabalozi wa nchi tatu kubwa wakiwa wamekwisha ondoka. Vita viliipa dola hiyo pazia. Aliyechagua vita alichagua na pazia.

Mwalimu hakujibu hili, nami sina la kumwekea kinywani. Katika yote yanayosemwa kuhusu mwaka 1914, hili ndilo linaloninyima subira na wale wanaoieleza saini ya Yeniköy kama bahati mbaya ya wanasiasa waliobanwa.

MWALIMU: Upande wa Waarabu hesabu ni nyingine. Vita vilileta njaa ya Mlima Lebanon, nzige wa 1915, na Cemal akiwanyonga watu Beirut na Damascus. Lakini pia vilileta uasi wa Sharif Hussein wa Makka, Juni 1916. Bila vita Waarabu wangebaki mikoa ya Istanbul hadi lini?

BI WAKILI: Na badala ya Istanbul wakapata nini? Mwezi mmoja kabla ya uasi, Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimekwisha gawana Syria na Iraki kwa mapatano ya Sykes na Picot. Novemba 1917 ikaja barua ya Balfour juu ya Palestina. Huwezi kugawa nchi ya mtu asiye vitani nawe. Mipaka ile inayoliliwa hadi leo ilichorwa kwa sababu dola ile ilikuwa adui, na adui akishindwa mali yake hugawanywa. Sisemi Waarabu wangetosheka na Istanbul. Wangedai yao, na pengine wangeyapata polepole, wakiidai serikali moja dhaifu kuliko kuzidai dola mbili zenye nguvu.

NAHODHA: Nami niseme la kwetu, maana watu hudhani haya ni ya huko mbali. Tarehe 2 Novemba 1914 meli za Waingereza zilifika mbele ya Tanga na askari wapatao 8,000 kutoka India. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani wa huku, alikuwa na watu kama elfu moja, akawashinda. Tarehe 5, walionusurika wanarudi melini, London inatangaza vita na Waturuki. Tarehe 6, kikosi kingine cha jeshi lile lile la India kinashuka Fao, mlangoni mwa Basra. Jeshi moja likagawanywa Ufaransa, Misri, Basra na huku. Basra ikameza watu kama kisima: Aprili 1916 kule Kut walijisalimisha wapatao 13,000 kwa mpigo. Huku kwetu vita vikavutwa hadi tarehe 25 Novemba 1918, na waliovibeba kichwani ni wapagazi. Waliokufa upande wa Waingereza peke yake huhesabiwa karibu laki moja, wengi kwa kuhara na njaa.

MWALIMU: Kikosi cha Basra kilikuwa kimeng'oa nanga Bombay katikati ya Oktoba, kabla ya Odessa, kwa ajili ya mafuta ya Uajemi.

NAHODHA: Kikasubiri Bahrain. Amri ya kushuka ilikuja baada ya Odessa. Sisemi vita vyetu visingekuwapo, nasema vilirefushwa. Na wakatutia dini ndani yake. Tarehe 14 Novemba jihadi ikatangazwa Istanbul, na Wajerumani wa huku, ambao mwaka 1908 walihangaishwa huko Lindi na barua ya kidini iliyodaiwa kutoka Makka, sasa wakawa wanausambaza wito wa Khalifa. Unguja, Sayyid Khalifa bin Haroub akawaambia Waislamu wabaki na Waingereza. Muumini wa Pwani akajikuta anaitwa na Khalifa upande mmoja na Sultani wake upande mwingine, na hakuna aliyemuuliza Yeniköy.

Nimeacha sauti hizi zibishane bila kuzipatanisha, lakini siwezi kujificha nyuma yake. Mimi niko na Bi Wakili. Simfuati katika kila dhana. Dola ile, hata ingekaa kando, ingepungua na kubadilika. Urusi huenda ingeanguka vilevile, na hakuna mwenye haki ya kuahidi kwamba Mashariki ya Kati ingekuwa na amani. Wala kujiunga na Uingereza na Urusi haikuwa njia iliyo wazi, maana walikwisha kataa. Ila njia ya kukaa kando ilikuwapo, iliwekwa mezani, iliungwa mkono na sehemu ya baraza, na ilidumu miezi mitatu kwa vitendo. Haikufa kwa kubanwa. Iliuawa na watu wachache walioogopa kuipeleka mbele ya wenzao.

Mwalimu ana pingamizi moja la mwisho, na ni zito: ni rahisi kusema haya leo, lakini dola dhaifu kwenye njia panda ya dunia haiwezi kukaa kando wakati wote wanapigana. Jibu lake liko katika nchi ile ile. Mwaka 1939 Uturuki iliongozwa na İsmet İnönü, aliyekuwa afisa katika vita vya 1914, akapigana Kaukasia na Palestina, kisha akaenda kwenye mazungumzo ya amani ya Lausanne kuokota kilichobaki. Oktoba mwaka huo alisaini mkataba na Uingereza na Ufaransa. Italia ilipoingia vitani, akakataa kuutekeleza. Juni 1941, majeshi ya Hitler yakiwa yamefika Ugiriki na Bulgaria, alisaini na Ujerumani mkataba wa kutoshambuliana, akakaa. Mwishoni mwa Januari 1943 Churchill, yule yule aliyechukua manowari za 1914, alikwenda kumbembeleza katika behewa la treni karibu na Adana. İnönü aliomba silaha, akapewa ahadi, akarudi Ankara bila kuingia vitani. Mkate uligawiwa kwa kadi, kodi ya mali ya 1942 iliwaumiza kwa dhuluma wafanyabiashara Wagiriki, Waarmenia na Wayahudi, na hilo ni doa lake. Lakini vita havikuvuka mpaka.

Mwalimu atasema Uturuki hiyo ilikuwa ndogo, haikuwa na Basra wala Damascus za kulinda, na Mkataba wa Montreux wa 1936 uliirudishia mamlaka ya milango-bahari. Ni kweli. Hata hivyo mlango ulikuwa ule ule, majirani wale wale, na vishawishi vikubwa zaidi. Uturuki ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani tarehe 23 Februari 1945, ili iweze kualikwa San Francisco kwenye kuundwa kwa Umoja wa Mataifa. Hakuna kikosi chake hata kimoja kilichopelekwa mstari wa mbele.